Maji ya Watoro

Mtu aliyezaliwa Unguja, kama mimi, hukua bila ya kujua poromoko la maji ni kitu gani. Sehemu kubwa ya kisiwa chetu ni mawe ya matumbawe, na matumbawe hayana desturi ya kuyaonyesha maji. Mvua ikinyesha huzama. Vijito vichache tulivyo navyo vingine hupotea ardhini kabla ya kuiona bahari. Na mwenye kutaka maji matamu huyatafuta chini, kisimani au pangoni, hayatafuti juu. Neno "poromoko" nililijua tangu utoto, lakini nililijua kama nilivyolijua neno "theluji", yaani neno lisilo na kitu chake. Kwa hiyo asistaajabu msomaji nikisema kwamba nilipoalikwa Réunion, miaka michache iliyopita, kuzungumza habari za lugha za Bahari ya Hindi, jambo la kwanza nililouliza baada ya mazungumzo kwisha halikuwa njia ya maktaba, bali njia ya maporomoko.

Réunion iko mashariki ya Bukini, nayo ni milki ya Ufaransa. Tangu mwaka 1946 huhesabiwa kuwa mkoa wa nchi hiyo sawa na mikoa iliyoko Ulaya. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,512, kwa hiyo kwa upana haiizidi Unguja kwa mbali sana. Ila Unguja imelala, na Réunion imesimama. Kisiwa chote ni milima miwili ya moto iliyoinuka kutoka katika kilindi cha bahari. Mmoja, Piton des Neiges, wenye kimo cha mita 3,071, umelala usingizi wa maelfu ya miaka. Wa pili, Piton de la Fournaise, hadi leo hutapika moto mara kwa mara. Ule uliolala umeporomoka na kuchimbwa na maji hata ukabaki kama mkate uliomegwa pande tatu. Mahali palipomegwa pamekuwa mabonde mapana yaliyozungukwa na magenge, nayo huitwa Salazie, Mafate na Cilaos. Katika bonde la Mafate hapana barabara ya gari hata leo. Aingiaye huingia kwa miguu yake, au kwa helikopta.

Maji yanayofanya kazi hiyo ya kuchimba huletwa na upepo ambao sisi tunaujua. Ni ule utokao kusini mashariki, ambao ukisha kuivuka bahari na kugeuka karibu na pwani yetu tunauita kusi. Kwetu kusi husukuma majahazi kwenda kaskazini. Kule hugonga ukuta wa milima, hupanda, hupoa, na kuutua mzigo wake wote hapo hapo. Upande wa mashariki wa kisiwa ziko sehemu za juu zinazopata zaidi ya mita 10 za mvua kwa mwaka. Mwezi wa Januari 1966, tufani ilipopita, mahali paitwapo Foc-Foc palinyesha milimita 1,825 kwa muda wa saa 24, na hapana mahali pengine duniani palipopata kupimwa mvua zaidi ya hiyo kwa siku moja. Dar es Salaam haipati kiasi hicho kwa mwaka mzima wa kawaida. Maji mengi, nchi iliyosimama wima, na mawe ya moto yaliyopangana tabaka juu ya tabaka, hili gumu na hili laini: mambo haya yakikutana, poromoko halikosi kuzaliwa.

Niliyaona kadhaa, na kwa kuwa kazi yangu ni maneno, niliyaandika majina yake. Katika Salazie liko moja liitwalo Voile de la Mariée, yaani Shela la Bibi Arusi, linaloshuka juu ya genge la kijani kwa nyuzi nyingi nyembamba. Mtu hulitazama kutoka barabarani bila ya hata kuvua viatu. Karibu na mji wa Sainte-Suzanne liko jingine lililopewa jina la Niagara, baada ya lile kubwa la Amerika, ingawa mlinganisho huo ni mzaha. Njia yake hupita katikati ya mashamba ya miwa. Nilipokuwa nikipita humo nilikumbuka kwamba Sainte-Suzanne ndipo alipoishi Edmond, mtoto mtumwa wa miaka 12, ambaye mwaka 1841 alivumbua jinsi ya kulichavusha ua la vanila kwa kijiti na kidole. Jina la pili, Albius, alipewa baadaye, siku ya uhuru. Mkulima wa vanila wa Bukini, au wa Uganda, au wa Kagera kwetu, anapolifunua ua asubuhi, hurudia tendo la mkono wa mtoto yule. Lakini poromoko la Sainte-Suzanne halikupewa jina la Edmond.

Hilo ndilo lililonifanya niyatazame majina kwa jicho jingine. Maporomoko yamepewa majina ya watu waliokuwa na nafasi ya kusimama na kutazama: shela, arusi, Niagara. Milima iliyo juu ya maporomoko hayo imepewa majina ya namna nyingine kabisa, na maana yake sikuielewa mpaka siku nilipokwenda Trou de Fer.

Trou de Fer, ambalo naweza kulifasiri kuwa Shimo la Chuma, ni korongo lililojificha kaskazini mashariki ya Piton des Neiges, katikati ya misitu. Kina chake ni kadiri ya mita 300, na maporomoko yasiyopungua sita humiminikia humo kutoka pande mbalimbali. Kulifikia chini ni kazi ya mabingwa wenye kamba. Watu wa kwanza kulishuka walifanya hivyo mwaka 1989 tu. Watu wengi siku hizi hulitazama kutoka katika helikopta, dakika chache, kisha hurudi kula chakula cha mchana. Sina ugomvi nao. Kuna jukwaa la kutazamia ukingoni mwa korongo, na njia ya mguu inayofika hapo kutoka katika msitu wa Bélouve, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa mtu asiye na haraka. Nami niliichagua njia hiyo.

Nilitoka Saint-Pierre, kusini ya kisiwa, kwa barabara inayopanda na kuvuka kati ya milima miwili. Huko juu kuna uwanda wa baridi, wenye ng'ombe na ukungu, uitwao Plaine des Cafres. Neno "Cafre" si geni kwetu. Ni "kafiri" lile lile, lililotoka katika Kiarabu, likaingia vinywani mwa Wareno, likapita kwa Wafaransa, likafika kisiwani humo likiwa na maana ya mtu mweusi wa bara la Afrika. Uwanda uliitwa hivyo kwa sababu watu hao walikimbilia huko. Wenyewe wamelichukua neno hilo wakalifua, na leo "Kaf" kinywani mwa mwenye asili hiyo si tusi. Tarehe 20 Desemba, siku ambayo katika mwaka 1848 watu zaidi ya 60,000 walitangaziwa uhuru wao, husherehekewa kwa jina la sikukuu ya Kaf. Lakini jina la uwanda lilikuwapo kabla ya kufuliwa huko.

Ng'ambo ya uwanda huo barabara hushuka hadi Plaine des Palmistes, na hapo nilikutana na mzee mmoja aliyekubali kunitangulia njiani. Alikuwa mtu wa miaka 60 na kitu, mfupi, mwenye fimbo ya mti mgumu, na alizungumza Kifaransa nami na Krioli na mbwa wake. Nilipomwambia natoka Unguja alinitazama kidogo, akasema kwamba bibi wa bibi yake alikuwa "Mazambik". Neno hilo huko halina maana ya nchi ya Msumbiji peke yake. Huwaingiza wote walioletwa kutoka pwani yetu ya mashariki. Zaidi ya hilo hakujua. Hakujua kabila lake, wala lugha yake, wala jina alilopewa na mama yake.

Mahali msitu wa Bélouve unapoanzia pana ukingo wa genge, na chini yake, ghafla, bonde zima la Salazie hufunuka. Mzee alinisimamisha hapo. Katikati ya bonde umesimama mlima wa peke yake, wenye kuta pande zote, unaoitwa Piton d'Anchaing. Hadithi yasema kwamba Anchaing na mkewe Héva, watumwa waliotoroka, waliishi kileleni pake miaka mingi wakazaa watoto, na wakawa wakiona kila aingiaye bondeni kabla hajawaona. Katika ukuta unaotenga Salazie na Mafate kuna kilele kiitwacho Cimendef, jina la Kibukini ambalo hufasiriwa kuwa "asiye mtumwa". Mafate nalo ni jina la kiongozi wa watoro. Hufasiriwa kuwa "mwenye kuua". Wako wasemao kwamba alikuwa mganga, na kwamba aliuawa na François Mussard, ambaye katikati ya karne ya 18 aliongoza vikosi vya kuwawinda watoro milimani. Cilaos nalo wengi hulitoa katika Kibukini, kwa maana ya mahali ambapo mtu hapaachi.

Basi ramani ya milima ya Réunion imeandikwa na waliokimbia. Si jambo dogo, ukikumbuka walichokimbilia na walichokimbia. Sheria iliyotolewa kwa visiwa hivyo mwaka 1723 iliamuru kwamba mtumwa aliyetoroka mwezi mmoja akatwe masikio na kupigwa chapa ya moto begani. Akitoroka mara ya pili, akatwe mshipa wa mguu. Mara ya tatu, auawe. Mwindaji aliyemuua mtoro msituni alileta mkono uliokatwa ili apate ujira wake. Nasi tulikuwa tumesimama hapo na mikate yetu katika mkoba, tukisifu mandhari.

Nilifikiri sana juu ya neno hilo, mandhari. Mwaka 2010 magenge haya na vilele hivi viliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia, na katika sababu zilizotajwa umo uzuri wake. Ni haki. Lakini kile kinachomfurahisha mtazamaji ndicho kile kile kilichomfaa mtoro. Genge hupendeza kwa kuwa halipandiki. Halikupandika, ndiyo sababu likamhifadhi mtu. Poromoko hupendeza kwa ngurumo yake, na ngurumo hiyo ndiyo iliyoficha kilio cha mtoto usiku, na sauti ya shoka. Ukungu peke yake ndio tusioupenda sisi tuendao kutazama, na kwao bila shaka ulikuwa neema kuliko vyote.

Njia yenyewe siwezi kuisifu. Kuna sehemu zilizowekwa mbao za kukanyagia, nazo huteleza. Na kuna sehemu zisizo na mbao, na hapo mguu huingia matopeni hadi kifundoni na kutoka na sauti ya kubusu. Mizizi imelala njiani kama kamba za jahazi. Juu yake kuna miti ya mkwaju wa milimani, kama wanavyouita wenyewe, ingawa si mkwaju bali ni jamaa ya migunga, mashina yake yamelala na kuinuka tena na kulala, kwa kuwa tufani huiangusha na yenyewe hukataa kufa. Kuna makangaga makubwa yenye shina, marefu kama minazi michanga, ambayo Krioli huyaita kwa jina la Kibukini. Kila kitu kimevaa majani mororo ya kijani yenye kushika maji, hata mawe, hata waya. Mzee alitembea bila ya kutazama chini. Mimi nilitazama chini tu, na nusu ya msitu ule naweza kusema sikuiona.

Tulipofika kwenye jukwaa hapakuwa na kitu. Ukungu ulikuwa umejaza korongo hadi ukingoni, mweupe, kama bakuli la maziwa. Walikuwapo vijana wanne waliotutangulia, wamekaa juu ya mbao wakingoja, na mmoja wao alikuwa akilalamika kwamba wametoka Ulaya kwa ajili ya jambo hili. Lakini sauti ilikuwapo. Ilitoka chini na mbele na kushoto, si sauti moja bali nyingi, nzito na nyembamba, na ukifumba macho uliweza kuzihesabu. Mzee akanionyesha kwa fimbo: hapa liko moja, hapa la pili, hapa kubwa lenye kuanguka mara mbili. Alikuwa akionyesha ukungu. Baada ya muda ukungu ulipasuka upande mmoja, tukaona kipande cha ukuta mweusi na mstari wa maji ambao mwanzo wake haukuonekana wala mwisho wake, ukishuka polepole, maana kitu kinachoanguka mbali sana huonekana kama kinashuka polepole. Vijana wakaruka na kamera zao. Kisha ukafunga.

Tukala mikate yetu. Nikamuuliza mzee jambo lililokuwa likinisumbua tangu pale ukingoni: Wabukini wameacha majina yao juu ya kila kilele, je, watu wa bara letu wameacha lipi? Akafikiri, akasema, "Plaine des Cafres." Yaani jina walilopewa na wengine.

Hapa sina budi kusema neno kama mwalimu wa Kiswahili. Watu wa pwani yetu na wa bara lake hawakuwa wachache katika kisiwa kile. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Jean-Vincent Morice, alifanya mapatano na Sultani wa Kilwa ya kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa bei ya piastre 20 kila kichwa, kwa ajili ya mashamba ya visiwa viwili ambavyo wakati huo viliitwa Île de France na Bourbon, na leo ni Morisi na Réunion. Biashara hiyo ilikuwapo kabla ya mapatano, na iliendelea kwa siri hata baada ya kupigwa marufuku. Mbona basi hapana kilele chenye jina la Kiswahili?

Dhana yangu ni hii. Wabukini walifika mapema, walifika wengi, na lugha yao ilikuwa moja. Nchi yao ilikuwa karibu, hata wako waliojaribu kurudi kwa mitumbwi. Wetu walitoka katika lugha nyingi: Kimakua, Kiyao, Kimakonde, na nyinginezo za mbali zaidi bara. Kiswahili kwa wengi wao, ikiwa walikijua, kilikuwa lugha waliyoisikia njiani, kinywani mwa aliyewafunga na aliyewahesabu ufukoni. Nani atapanda juu ya jabali, akiwa huru kwa mara ya kwanza, aliite kwa lugha ya muuzaji? Vitabu vyetu hupenda kusema kwamba Kiswahili kilienea kwa njia ya biashara, na sentensi hukomea hapo, kama kwamba bidhaa ilikuwa nguo na shanga tu. Mimi naipenda lugha hii, nayo ndiyo chakula changu; lakini pale juu ya korongo niliona kwamba kimya chake katika ramani ile ni sehemu ya historia yake, na inafaa kifundishwe pamoja na mashairi.

Tena si kwamba sisi hatukuwa na watoro wetu. Katika karne ya 19 watumwa waliokimbia mashamba ya pwani walijenga makao yao katika misitu ya Witu, na Fuladoyo nyuma ya pwani ya Kenya, na Gosha kandokando ya mto Juba. Walilima, walijilinda, na wengine kati yao walikuwa na Kiswahili kuwa lugha ya kuwaunganisha, kwa hiyo lugha hii nayo imepata kuwa lugha ya aliyekimbia. Ni watalii wangapi, au hata wanafunzi wangapi, waliopata kutembezwa huko? Hakuna poromoko pale, labda ndiyo sababu.

Tuliporudi, ukungu ulitufuata msituni. Mzee alitaka kujua maneno. Nikampa "maji", akalikubali. Nikampa "poromoko", akalirudia mara tatu, akasema linafanana na kitu chenyewe. Kisha akauliza tunamwitaje "maron", yaani mtu aliyekimbilia milimani. Nikamwambia: mtoro.

"Bado mnalitumia?"

Nikamjibu kwamba twalitumia kila siku. Mtoto asiyekwenda shule ni mtoro, na jina lake huandikwa katika daftari, na mwalimu humngoja na fimbo. Mzee alicheka hata akaushika mti mmoja asianguke. Alipokwisha kucheka akauliza, kwa upole, kama mtu anayeulizia hali ya jamaa aliye mbali, mtoto huyo akikimbia huenda wapi.

Nikamwambia kwamba kwetu mara nyingi huenda pwani, kuogelea.

"Vema," akasema, akageuka akaendelea mbele yangu, akipima matope kwa fimbo yake.